Hela ya Kiwanja Tumeila Maskati

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha harusi, mwenyekiti alikuwa ametoka kusoma bajeti ya vinywaji bila mtu hata mmoja kushtuka. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka kutembea Maskati, Oman, basi mjomba mmoja akanigeukia na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Wengine hela za kwenda kula bata Uarabuni wanazo, kiwanja hawana." Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, mbele ya wakubwa ungefanyaje? Lakini limenikaa kooni, acha niliteme hapa.

Kwanza, kiwanja tunacho. Kipo Chanika, kina msingi na rundo la matofali yaliyoota majani. Hatukukitangaza kwenye vikao, basi.

Pili, hao hao waliocheka ndio waliotuletea kadi. Single laki moja, double laki na nusu. Hapo bado hujatoa ya kitchen party, bado send-off, bado kitenge cha sare utakachovaa mara moja na kukifanya pazia. Nimechanga tangu nianze kazi na sijawahi kusikia mtu akimwambia bibi harusi, "Hizi za ukumbi si mngenunulia kiwanja?" Watu mia nne wanakula wali na kuku usiku mmoja, MC anachukua chake, keki inakatwa, na asubuhi maharusi wanaamkia chumba cha kupanga. Hiyo tunaiita heshima. Ila wawili waliokwishaoana, wakijibana mwaka mzima wakasafiri pamoja, ooh, wafujaji, wanaiga Wazungu.

Harusi ina kamati, ina mweka hazina, ina kundi la WhatsApp linalokuamsha saa kumi na moja kukumbushia ahadi. Ndoa yenyewe ikishaanza, nani aliwahi kuiitia kikao? Labda siku mtu karudisha mabegi kwao. Hapo wazee watakaa hadi usiku.

Mimi na mume wangu, kabla ya safari hii, tulikuwa tumebaki kuwa wahasibu wa nyumba. Anatoka alfajiri kukwepa foleni, anarudi watoto wamelala, na tunachozungumza ni umeme wa LUKU, ada, na fundi kaomba saruji nyingine. Hatukuwa na ugomvi. Hatukuwa na chochote.

Maskati hakuna LUKU ya kuulizana. Jioni tulitembea ufukweni Mutrah, majahazi upande mmoja na milima myeusi upande wa pili, na huko ndiko mwanaume huyu aliponihadithia jinsi alivyomuuguza baba yake, habari niliyokuwa naijua kwa juu juu tu. Miaka yote hiyo ilikosa nafasi ya kusemwa. Nitaiwekea bei gani hiyo, mjomba?

Siku nyingine tukaenda kwenye bonde la Wadi Shab. Unavushwa kwa boti ndogo, unatembea juani kati ya magenge marefu, halafu njia inaishia majini na anayetaka kufika mbele anaogelea. Mimi ni wa Tanga, maji ni yetu. Yeye ni wa Singida. Bwana mkubwa anayewakemea watu ofisini alinishika mabega dimbwi baada ya dimbwi, akinong'ona sala zote anazozijua. Sijamcheka sana. Nilimcheka kidogo.

Tuligombana pia, msije mkadhani ilikuwa fungate. Mjini Nizwa, chini ya ngome yao, joto limetuchoma, tukakosana kwa sababu ya bei ya halua. Nyumbani ningeingia jikoni, yeye angewasha taarifa ya habari, na lingekwisha bila kwisha. Kule tulikuwa na gari moja la kukodi na chumba kimoja, hakuna mama mkwe wa kumpigia, ikabidi tulimalize. Tulilimaliza, na mengine mawili ya zamani tukayamalizia humo humo.

Na yule mzee wa duka la ubani Mutrah! Tunateta taratibu, tunajua hakuna anayeelewa, akadakia kwa Kiunguja kilichonyooka: "Mnunulie mkeo, bwana weye!" Kumbe ni mzaliwa wa Unguja. Familia nyingi za namna hiyo zilikwenda huko baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Alituuliza habari za Darajani, tukanywa kahawa yake, na ubani akatuuzia kwa bei ile ile.

Sawa, kiwanja kinapanda bei na picha za Wadi Shab hazipandi. Nakubali, kwa shingo upande. Riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, na ukianza kuibadilisha kichwani kwenda shilingi unaweza kuacha kunywa maji. Wala si lazima iwe Maskati. Nendeni Lushoto, nendeni Pangani, mradi simu ya fundi isiwafikie.

Zawadi? Nimeleta halua na ubani. Aliyetaka simu aseme na serikali ya Oman.

Ila kuna jambo moja ambalo mjomba angelisema, ningenyamaza. Siti za nyuma yetu kwenye ndege ya kwenda walikaa mabinti wa kwetu, wadogo kabisa, wanakwenda kufanya kazi za ndani. Mmoja aliniomba nimfungie mkanda. Akaniuliza kama na mimi nimepata bosi mzuri. Sikujua nimjibu nini, nikamwambia naenda kutembea, akanitazama kama hajasikia vizuri. Hilo sijalipatia jibu mpaka leo, na sitajifanya ninalo.

Lakini mjomba hakusema hilo. Alisema kiwanja. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Nani kati yetu amewahi kuzipumzika? Likizo ya Mtanzania ni kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuhesabu mifuko ya saruji isiibiwe. Yangu inayofuata inaanza Novemba. Fundi atajisimamia mwenyewe.