Nauli ya shahidi nani anailipa?

Hapa Zanzibar, kila zikifika siku 16 za kupinga udhalilishaji wa kijinsia, ujumbe ni ule ule: ripotini, huduma ni bure. Na ni kweli. Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, tangu 2011, na Pemba vipo Chake Chake, Wete na Micheweni. Unamkuta daktari, polisi na mshauri nasaha mahala pamoja. Wasaidizi wa sheria wapo hadi mashambani, na Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 inawatambua. Simu ya mtoto, 116, haikati salio.

Basi sisemi kuwa hatuna kitu. Ninalosema ni kwamba nguvu zetu zote tumezimwaga siku ya kwanza, na kesi hazifi siku ya kwanza.

Siku hiyo mambo mengi huenda vizuri. Mama wa mtoto aliyebakwa ameambiwa asimkoshe, nguo asizifue, azitie kwenye mfuko wa karatasi, na awahi hospitali kabla ya saa 72 ili dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zifae. Maelezo yanachukuliwa, fomu inajazwa, mtuhumiwa anakamatwa. Watu wanamsifu kwa ujasiri wake.

Sasa mtazame mama huyo huyo miezi minne baadae. Anatoka Maziwang'ombe, huko Micheweni, alfajiri na mtoto wake, kesi iko Wete. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na mtoto akishikwa na njaa lazima apate angalau chai na mandazi. Wanafika, wanakaa kwenye benchi, na benchi hilo hilo amekaa kaka wa mshitakiwa, ambaye pengine ni mtoto wa ami yake. Saa tano karani anatoka: hakimu ana udhuru, rudini mwezi ujao. Hakuna aliyempigia simu jana kumwambia asije. Mwezi ujao ni hivyo hivyo, safari hii shahidi mwengine hakutokea. Huko nyumbani wazee wameshaanza kupita na maneno ya sulhu, na muhali, ile haya ya kuwakatalia jamaa, nao unamkaba. Mara ya tatu haendi. Kisha tunasoma kwamba kesi imeondolewa kwa kukosa ushahidi, na kwenye barza tunamlaumu mama kuwa amehongwa.

Wapo waliohongwa, sikatai. Lakini wengi wamechoka tu, na nauli imewashinda.

Uingereza lipo shirika la Victim Support, lilianzia Bristol mwaka 1974. Kinachonivutia kwao si majengo wala fedha. Ni kwamba humsaidia aliyetendewa uhalifu hata kama hakwenda polisi, na kazi yao haiishii siku aliyotoa maelezo. Hapa kwetu kazi ya kufuatana na mtu mahkamani anaifanya msaidizi wa sheria wa kujitolea, kwa nauli ya mfukoni mwake. Kwa maoni yangu huyo ndiye mtumishi muhimu kuliko wote katika mlolongo mzima, na ndiye asiyelipwa.

Na nani anamfuata aliyevunjiwa nyumba usiku, au kijana aliyekatwa panga shambani kwa ajili ya karafuu? Yeye hana dawati lake polisi wala kituo. Ataambiwa asubiri upelelezi.

Ninayoyataka ni madogo. Mahkama iwapigie simu mashahidi siku moja kabla, kesi ikiwa haisikilizwi. Nauli ya shahidi ilipwe siku ile ile pale pale, si kwa kujaza fomu na kuzungushwa. Msaidizi wa sheria anayekwenda naye apewe posho. Pawepo chumba cha kusubiri mbali na jamaa za mshitakiwa, hata kiwe stoo iliyosafishwa. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanapitisha bajeti kila mwaka. Fedha zikiwa hazitoshi visiwa vyote viwili, waanze na Micheweni.