Mbps 50 za faiba na Mbps 50 za 5G si kitu kimoja

Mabango ya intaneti ya nyumbani Nairobi yanashindana kwa namba moja tu, Mbps, yaani megabiti ngapi za data zinapita kila sekunde. Faiba, yaani waya wa uzi wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, Mbps 50; ruta ya 5G, inayotumia mawimbi ya mnara wa simu, Mbps 50; bei hazipishani sana, na mteja anajiuliza kwa nini amsubiri fundi aje kutoboa ukuta wakati ruta ya 5G unaichomeka kwenye umeme na kazi inaanza. Tangu Safaricom ilipoanza kuuza 5G mwaka 2022 na Airtel ikafuata mwaka 2023, swali hili limekuwa la kawaida kwa kila anayehamia nyumba mpya.

Kwa mtu ambaye jioni yake ni filamu na YouTube, sioni haja ya kumsumbua. Filamu ya HD inataka takriban Mbps 5, na programu ya kuchezea filamu huvuta dakika nzima mbele kabla hujaifikia. Laini ikiyumba kwa sekunde mbili, hata hutajua. Hapo waya na mawimbi ni sawa, na aliyekuuzia 5G hajakudanganya.

Mambo hubadilika ukiingia kwenye mkutano wa Zoom, mchezo wa mtandaoni, au kazi ya kompyuta iliyo ofisini huku wewe uko Rongai. Hapo kinachohesabika ni pingi: muda ambao ombi lako linachukua kwenda hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayokuhudumia huko mbali, na jibu kurudi. Hupimwa kwa milisekunde, sehemu ya elfu ya sekunde. Unaweza kuipima mwenyewe. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping na anwani ya seva iliyo hapa nchini (kwenye Windows ongeza -t ili isisimame), uache iendelee huku mtu mwingine nyumbani akipakia video kwenye Google Drive. Kwenye faiba iliyofungwa vizuri utaona namba za aina hii: 4, 4, 5, 4, 6. Kwenye 5G saa mbili usiku, si ajabu kuona 19, 23, 18, 140, 31, 210. Wastani wake bado unaweza kuvumilika, lakini ile 210 ndiyo inayofanya bosi aseme "umepotea kidogo, rudia".

Chanzo ni namna redio inavyofanya kazi. Mnara ni kama mwenyekiti wa baraza: hakuna anayesema bila kupewa zamu. Ruta yako ikitaka kutuma kitu, kwanza inaomba nafasi, inasubiri ruhusa, ndipo inatuma. Isitoshe, mitandao mingi ya 5G hutumia masafa yale yale kwa kupokea na kutuma, ikipokezana kwa muda, na sehemu kubwa ya muda huo hupewa upande wa kupakua kwa sababu ndio wateja wanaoulalamikia. Upande wa kupakia unabaki mwembamba. Ongeza kuta za mawe za nyumba zetu, ongeza simu za mtaa mzima zinazoegemea mnara huo huo, uone kwa nini saa nne asubuhi mambo ni safi na saa mbili usiku ni vurugu.

Wauzaji wa faiba hupenda kusema kwamba waya wao ni wako peke yako. Si kweli. Katika GPON, mfumo wa kugawana uzi mmoja ambao ndio umeenea majumbani, uzi huo wenye takriban Gbps 2.5 (Mbps 2,500) za kupakua na 1.25 za kupakia hugawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Nako kuna zamu za kutuma. Tofauti ni kwamba idadi ya wanaogawana inajulikana na haitembei, wala mvua au jengo jipya la ghorofa kumi halibadilishi chochote ndani ya kioo. Na hata faiba huharibika mikononi mwa ruta ya bei rahisi: video moja ikipakiwa, ruta inarundika pakiti, yaani vipande vya data, kwenye foleni ndefu, na pingi inapanda vilevile. Watu wengi wanaolaani kampuni wangepaswa kwanza kulaani kile kisanduku cheupe kilicho juu ya televisheni.

Halafu kuna umbali, na hapa wapenzi wa michezo hujidanganya. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 68 kwenda na kurudi hata kama kila kitu kingekuwa kamili. Nyaya za baharini huzunguka, kwa hiyo namba halisi hupita 100. Ukicheza kwenye seva ya Ulaya, faiba inakupunguzia labda milisekunde 15 au 20 za safari hiyo. Faida utakayoihisi ni utulivu wa laini, maana wepesi wenyewe umeliwa na bahari. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya mwaka 2023, ilionyesha jambo hili wazi: setilaiti zake ziko kilomita 550 tu juu, lakini pingi ilishuka kwa kiasi kikubwa pale data za wateja zilipoanza kutokea Nairobi kwenyewe mwaka 2025 badala ya kupitishwa nje ya nchi kwanza.

Sasa nimtetee mwenye 5G, kwa sababu ubaya wa waya hauonekani kwenye kipimo cha kasi. Faiba ya mtaani inaning'inia kwenye nguzo au imezikwa kando ya barabara ambayo mwezi ujao itachimbwa na watu wa maji taka. Ikikatwa, pingi yako nzuri ya milisekunde 4 inageuka siku mbili za kumpigia fundi. Mnara una betri na mara nyingi jenereta. Umeme ukipotea mtaani, ruta ya 5G yenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inaendelea, lakini faiba inategemea kama kila kifaa cha njiani kinachotumia umeme bado kinao. Mpangaji akihama, anaibeba ruta kwenye begi, ingawa ni vizuri aulize kwanza kama amefungiwa kwenye anwani moja. Nyaya za baharini zikikatika, kama EASSy na SEACOM zilivyokatika Mei 2024, wote wawili wanaumia, kwa hiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mimi ningevuta faiba mahali popote inapofika, nikabaki na bando la simu kwa siku ya dharura. Anayefanya kazi ya kupokea simu za wateja kutoka nyumbani asijaribu kinyume chake. Lakini Nairobi uamuzi huu mara nyingi si wa mpangaji. Wakala wa jengo amekwisha kukubaliana na kampuni moja, nyingine haziruhusiwi hata kupitisha waya kwenye ngazi, na hiyo moja inajua huna pa kwenda. Katika jengo la namna hiyo ruta ya 5G inastahili pesa zake hata na hiyo pingi ya 210, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho wakala hawezi kukizuia mlangoni.