Kukata lipia, mchoro chora mwenyewe

Kila nikisikia fundi makabati anasema anajibana anunue mashine ya CNC, yaani ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, natamani nimkalishe chini kwanza tuongee. Mashine ni nzuri sana, sina ugomvi nayo, inachukua shiti nzima ya milimita 2440 kwa 1220 inakata, inatoboa, inachimba mifereji, vipande vinatoka safi kabisa. Ila inataka nafasi kubwa, umeme wa uhakika, mfumo wa kufyonza vumbi, mtu wa kuiendesha na kazi isiyokatika, na fundi anayefunga jiko moja moja hana kazi ya kuishibisha. Kuna watu biashara yao ni kukata tu, mpelekee faili, mlipe, chukua vipande vyako ukafunge.

Lakini kuchora usimwachie huyo mkataji, na hapo ndo huwa tunabishana na wenzangu. Wengi wanamtumia mkataji picha ya simu na vipimo vitatu, urefu, upana, kina, halafu wanamwambia we malizia. Sasa ukifanya hivo ni nani aliyetengeneza kabati? Maana maamuzi yote ya ufundi yako mle kwenye mchoro, bawaba inakaa wapi, kitako kinaingia katikati ya mbavu, yaani mbao za pembeni, au kinapita chini yake, mgongo unaingia kwenye mfereji au unapigwa kwa nyuma, droo inabaki na nafasi gani. Mkataji hajaiona nyumba ya mteja wala hajui reli za droo utakazonunua.

Chukua unene wa mbao peke yake. Plaiwudi inauzwa kama ya milimita 18 ukiipima kwa kalipa, kile kipimo cha unene, mara nyingi unakuta 17 na pointi kadhaa. Tuseme umechora kabati la 600 kwa nje, mbavu mbili za 18, kwahiyo kitako umekikata 564. Mbao halisi ikija 17.2 kabati linatoka 598.4, unaona ni kidogo tu, haya panga matano ukutani uone, umeshapungukiwa milimita 8 na mifereji uliyochora ya 18 inacheza. Ndo maana mi nasisitiza sana mtu ajifunze programu ambayo unene unauandika mara moja kama namba inayotawala mchoro wote, Fusion (zamani ikiitwa Fusion 360) inafanya hivo na programu za makabati kama Mozaik au Polyboard zimejengwa kwa ajili hiyo hiyo, unapima shiti yenyewe, unabadilisha namba moja, kila kipande kinajirekebisha. Anayetumia programu ya kuchora ya SketchUp kuna nyongeza ya bure inaitwa OpenCutList inakutolea orodha ya vipande na jinsi vitakavyolala kwenye shiti, kwa kuanzia inatosha kabisa.

Kitu kingine kinachogombanisha watu ni ejingi, ule utepe unaobandikwa kwenye kingo za mbao. Mlango unataka uwe 400 ukiisha na utabandika ejingi ya milimita 2 pande zote mbili, mbao inakatwa 396. Sasa programu yako imeshatoa hizo 4, na mkataji naye kwa mazoea yake akatoa 4 zingine, mlango unakuja 392 na haurudishiki. Waandikie kabisa, vipimo hivi ni vya mbao kabla ya ejingi au baada. Neno hilo moja linaokoa shiti nzima.

Halafu kuna vitu vya mashine yenyewe ambavyo lazima mchoraji avijue. Kisu cha mashine ni cha duara kinazunguka, kona ya ndani ya pembe mraba hakiwezi kuitoa, kisu cha milimita 6 kitakuachia mviringo wa nusu kipenyo cha 3 kwenye kila kona, kwahiyo kama kuna kipande kinaingia kwenye tundu la mraba chora katundu kadogo ka ziada kwenye kona au utarudi kwenye patasi. Bawaba za kawaida za kikombe zinataka tundu la milimita 35, matundu ya shelfu ni ya 5, yanapishana 32, safu ya mbele inakaa 37 kutoka ukingoni, huu mfumo wa 32 unatumika dunia nzima na vifaa vingi vimetengenezwa kuufuata, uchore tangu mwanzo. Reli za droo za pembeni nyingi zinakula 12.7 kila upande, soma karatasi ya reli yenyewe kabla hujachora boksi la droo, sio baada.

Faili nayo ina adabu yake. Kwenye DXF, aina ya faili la mchoro unalompelekea mkataji, kila kazi iweke kwenye leya yake, yaani tabaka lake la mchoro, kukata hadi chini leya moja, matundu ya 5 leya nyingine na kina chake uandike kwenye jina, mifereji hivo hivo. Andika pia kwamba vipimo ni milimita maana sio kila programu inasoma yuniti, mchoro wa inchi ukisomwa kama milimita unapungua mara 25.4. Onyesha mistari ya vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao ya juu, inaelekea wapi, usipoonyesha programu ya kupanga vipande itageuza mlango ulale ili kubana shiti, na we ulitaka milango yote mistari isimame.

Ukimaliza yote hayo usiagize jiko zima siku hiyo hiyo. Agiza kabati moja lenye droo na mlango, lifunge mpaka mwisho na bawaba zake na reli zake, pima lilivyotoka, rudi kwenye programu urekebishe, ndo uagize yaliyobaki. Na kwenye kabati la mwisho linalogusa ukuta acha kipande cha kuziba kipana kidogo, kama milimita 50, kuta hazijanyooka na hicho utakikata mwenyewe kwa mkono palepale kwa mteja.