Mhitimu wa theolojia asifungiwe maktaba

Vyuo vingi vya theolojia vina utaratibu ambao sijawahi kuukubali: mwanafunzi akishahitimu, kadi yake ya maktaba inakufa. Kabla ya kupewa cheti anazunguka ofisi hadi ofisi kukusanya sahihi kwamba hadaiwi, na mkutubi naye anasaini kwamba vitabu vyote vimerudi. Basi, mlango umefungwa. Mtu huyo huyo anatumwa kuhubiri kila wiki, kufundisha kipaimara, kuzika, kusuluhisha wanandoa, na kujibu maswali ya imani ambayo hakuna mtihani uliowahi kumuuliza. Tunamnyang'anya vitabu wakati ule ule anapoanza kuvihitaji kwelikweli.

Chuoni swali linatoka kwa mwalimu, na mwalimu huyo huyo anatoa orodha ya vitabu vya kulijibia. Kazini swali halina orodha. Msharika anafungua Injili ya Marko, anakuta aya za mwisho, 16:9–20, zimetiwa mabano, na chini kuna tanbihi kwamba hazimo katika baadhi ya nakala za kale. Anakuja na hofu: nani alizitoa? Au nani aliziongeza? Mchungaji aliyebakiwa na madaftari yake ya chuo atasema neno la kumtuliza, na msharika ataondoka na hofu yake vilevile. Anayeweza kufika maktaba atamwonyesha kwamba Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, nakala mbili za karne ya 4, zinaishia aya ya 8. Kwamba nakala nyingi mno za Kigiriki za baadaye zina aya hizo. Na kwamba Irenaeus, askofu wa karne ya 2, tayari alikuwa anainukuu aya ya 19. Msharika anastahili kuwekewa mezani ushahidi wa pande zote. Kumpa chini ya hapo ni kumdharau.

Na jibu hilo halipatikani katika kitabu kimoja. Linahitaji Agano Jipya la Kigiriki lenye tanbihi za nakala, komentari (vitabu vya ufafanuzi wa Biblia) mbili tatu zisizokubaliana, na maandishi ya mababa wa Kanisa, yaani waandishi Wakristo wa karne za mwanzo. Katika maktaba inayopanga vitabu kwa namba za mfumo wa Dewey, dini inakaa 200 hadi 299, Biblia inaanzia 220, na Marko yuko 226.3. Inayofuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, komentari za Marko zitafutwe BS2585. Kuna jambo ninalolipenda sana kwenye rafu hiyo: haijali dhehebu. Komentari ya Mkatoliki imebanana na ya Mlutheri na ya Mpentekoste, kwa sababu kinachozipanga ni kitabu cha Biblia kinachofafanuliwa. Uliyemfuata yuko pale, na aliye kushoto kwake hukuwahi kumsikia, kumbe ndiye aliyelishughulikia swali lako kwa kina. Duka la vitabu la kanisa halikupi ujirani huo. Mtandao unaokuletea yale uliyokwisha kuyapenda haukupi pia.

Rafu hata hivyo inaficha mengi, na hapa ndipo wengi tunapokata tamaa mapema. Katalogi inakuonyesha jarida kwa jina lake. Makala zilizo ndani yake kwa kawaida haikuonyeshi. Kuna pia vile vitabu vya kumuenzi mwanazuoni anapostaafu au kutimiza miaka fulani, ambamo wanafunzi na wenzake wanachangia sura moja moja. Sura juu ya mwisho wa Marko inaweza kulala humo miaka na miaka, chini ya kichwa cha kitabu kisichomtaja Marko kabisa. Anayeitegemea katalogi peke yake ataapa kwamba hakuna kilichoandikwa. Kwa kazi hiyo kuna faharasa za makala, na mojawapo, Index Theologicus ya Chuo Kikuu cha Tübingen, inatafutwa na mtu yeyote mtandaoni bila kadi wala malipo. Mhitimu aliye mbali anaweza kuanzia hapo leo hii. Ataijua makala, mwandishi, jarida na mwaka. Kuisoma yenyewe ndiyo shughuli nyingine, na hiyo inaturudisha kwenye mlango uliofungwa.

Najua mkutubi atanijibu nini, na majibu yake yana uzito. Wachungaji wanahamishwa, vitabu vinahama nao, na juzuu moja ikipotea katika seti ya kumi, kuipata peke yake ni shida kubwa. Wanafunzi waliolipa ada wanagombania nakala chache. Hazinadata za kielektroniki, yaani mikusanyo ya majarida na makala inayosomwa kwa kompyuta, zinalipiwa kwa mkataba unaotaja wanafunzi na walimu, na mkutubi akimpa mhitimu neno la siri anavunja mkataba.

Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja linalolazimu kufunga kabisa. Mikataba mingi inamruhusu mgeni aliyeketi ndani ya jengo kutumia hazinadata kwenye kompyuta za maktaba. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba anaruhusiwa. Atla, jumuiya ya maktaba za theolojia iliyoanzishwa Marekani mwaka 1946, ina hata mpango wa kuwafungulia wahitimu majarida kupitia chuo chao, chuo kikiamua kujiunga. Vitabu vya kozi vinavyoazimwa kwa muda mfupi vibaki vya wanafunzi, tena bila mjadala. Mhitimu hana haki ya kumpokonya mwanafunzi kitabu wiki ya mitihani. Apewe idadi ndogo zaidi ya vitabu na aweke dhamana. Mwanafunzi akikihitaji kitabu, mhitimu akirudishe kabla ya siku yake.

Vitabu vya rejea navyo visitoke, na ninawaomba wachungaji wenzangu waache kununa juu ya hilo. Kamusi ya Kigiriki au konkodansi (orodha ya maneno ya Biblia na mahali yalipo) inafunguliwa kwa dakika chache na watu wengi kwa siku moja. Ikienda nyumbani kwa mtu mmoja, wote wengine wamekosa. Halafu kuna vitu ambavyo hakuna mchungaji atakayevimiliki hata akiishi maisha mawili. Mkusanyo wa mababa wa Kanisa alioutoa padri Mfaransa Jacques-Paul Migne katika karne ya 19 una juzuu 221 za Kilatini na juzuu 161 za Kigiriki. Kurasa zake zimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure, lakini kujua maandishi unayoyatafuta yamo juzuu gani, toleo jipya zaidi la maandishi hayo ni lipi, na kama yametafsiriwa kwa lugha unayoisoma, hiyo ni kazi ya mkutubi aliyebobea. Kwangu mimi mkutubi ndiye huduma ya kwanza ya maktaba, kabla ya kitabu chochote. Ila aulizwe vizuri. Ukimwambia unatafuta kitu kuhusu ubatizo, atakuonyesha rafu nzima. Mwambie kuna mama kwenye ushirika wako aliyefiwa na mtoto kabla hajabatizwa, na unataka kujua makanisa mbalimbali yamefundisha nini juu ya watoto hao. Hapo anajua aanzie wapi, na huenda akaiacha kazi aliyokuwa anaifanya.

Kuhusu faini nina msimamo mkali zaidi. Faini ya kila siku haimrudishi mchungaji wa mbali; inamfukuza. Kitabu kimechelewa, deni limekua, na sasa anaona aibu kukanyaga pale, kwa hiyo chuo kimekosa kitabu na msomaji kwa pamoja. Maktaba za umma za jiji la Chicago zilifuta faini za kuchelewa mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimekaa majumbani muda mrefu vikaanza kurudi. Kumzuia mtu asiazime kingine mpaka arudishe kile cha kwanza kunatosha kabisa. Aliyepoteza alipe gharama ya kitabu. Na aliyepiga mistari ya kalamu kwenye kitabu cha watu alipe vilevile, kwa sababu amemlazimisha kila atakayekisoma baadaye kusoma kwa macho yake yeye. Hilo haliniishi hasira: komentari ya Warumi iliyopakwa rangi ya njano sura tatu za kwanza, kisha kimya. Huyo msomaji aliacha kazi njiani akatuachia alama zake.

Nina pendekezo jingine ambalo halihitaji bajeti kubwa. Maktaba za theolojia hupokea vitabu vingi vya zawadi, hasa mchungaji au mwalimu anapostaafu au anapofariki na familia yake ikatoa rafu zake. Vingi ni nakala za vitabu ambavyo chuo tayari kinavyo, na mara nyingi vinaishia kwenye maboksi stoo au meza ya kuuzia kwa bei ya kutupa. Hizo nakala za ziada ziwe mkusanyo wa kuazimisha wahitimu. Kikipotea kimoja, chuo bado kina chake rafuni. Kikichelewa, hakuna mwanafunzi aliyekwama. Familia iliyotoa vitabu vya mzee wao ingefurahi kusikia kwamba vinasomwa na watu walioshika kazi ile ile aliyoifanya yeye.

Kwa hiyo wewe mhitimu usisubiri chuo kikukumbuke. Mwandikie mkutubi, umtajie mwaka uliohitimu na kituo unachohudumu, kisha muulize mambo manne: naweza kuja kusoma ndani? Naweza kutumia hazinadata nikiwa hapo? Kuna utaratibu wa kuazima kwa dhamana? Na nikikutajia makala moja yenye jarida na ukurasa, sheria ya hakimiliki inakuruhusu kunitumia nakala? Kama jibu la maswali yote ni hapana, peleka barua hiyo hiyo kwa mkuu wa chuo, na uambatanishe swali la msharika wako ambalo hadi leo umeshindwa kulijibu.