Fuvu kidoleni: ni urembo tu?

Mpwa wangu ana pete ya fuvu. Ni nene, macho yamechimbwa na kuwekewa vijiwe vyekundu. Aliinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwenye sinia la machinga mmoja aliyemwapia kuwa ni fedha tupu. Mwezi wa nne alikwenda nayo msibani Magu. Bibi yake alikuwa akimpokea kwa mikono miwili, akauona mkono ule, akarudisha wa kwake kifuani.

"Hilo la nani?"

"Bibi, ni urembo tu."

Vijana wote niliowahi kuwauliza hapa mjini hujibu hivyo hivyo, na jibu lenyewe haliniridhishi. Kama ni urembo tu, mbona hakuchukua pete ya ua, au ile ya simba iliyokuwa pembeni yake kwenye sinia lile lile? Alichagua fuvu kwa sababu fuvu linasema kitu. Asiyetaka liseme, asilivae.

Linasema nini, basi? Kwa mkulima wa pamba wa kanda hii, fuvu ni picha iliyo kwenye chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Kwa mtoto wa Kirumba ni kile kibao cha HATARI kwenye transfoma. Na kuna jambo zito zaidi ambalo vijana hupenda kuliruka. Tangu katikati ya miaka ya 2000, kanda yetu ya Ziwa imejulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa kama dawa ya utajiri. Vikongwe nao waliitwa wachawi na kuuawa kwa macho mekundu waliyoyapata kwa moshi wa kupikia. Mahali palipopita hayo, mfupa wa mtu haujawa nakshi bado. Bibi wa Magu hakushtushwa na mtindo wa mjini. Alishtuka kama mtu anayekumbuka.

Uvumi kwamba avaaye fuvu ni mfuasi wa Frimasoni siupi uzito huo. Haukuzuka hewani, kwa kuwa fuvu kweli hutumika katika baadhi ya taratibu zao za kumpokea mwanachama mpya, kumkumbusha kwamba atakufa. Ila kutoka hapo hadi kumtuhumu kijana wa bodaboda mwenye deni la pikipiki kuwa ameuza roho apate mali, ni safari ndefu mno. Mali yenyewe iko wapi?

Watetezi wa pete wana hoja nzuri kuliko hiyo ya urembo, kama wangeijua. Ulaya ya karne ya 16 na 17, watu wacha Mungu walivaa pete za fuvu ili wasisahau kifo, na nyingine ziligawiwa mazikoni kumkumbuka marehemu. Misalaba mingi ya Kikatoliki ina fuvu dogo miguuni pa Yesu. Hilo husemwa kuwa la Adamu, na Golgotha yenyewe maana yake ni mahali pa fuvu. Wapo wanaoikemea pete ya mpwa wangu huku rozari iliyoko mkononi ina fuvu, wangeisogeza tu karibu na macho. Huko Mexico, tarehe 1 na 2 Novemba, mafuvu ya sukari huwekwa kwenye meza za wafu, na mara nyingi paji la uso huandikwa jina.

Lakini alama hii haina adabu ya kukaa upande mmoja. Katika miaka ya 1930 Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani, aliwagawia maofisa wake pete za fedha zenye fuvu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mafundi wawili wa London walimtengenezea mpiga gitaa Keith Richards pete ya fuvu ya fedha, na wapenzi wa roki wakaiga. Bila shaka ile ya Makoroboi ni kitukuu cha hii ya mpiga gitaa, lakini anayeivaa hubeba ukoo mzima.

Nalirudia swali la bibi, maana naona lilipita majibu yetu yote. Hakuuliza "ni nini." Aliuliza "la nani." Kwa Wasukuma wa kale aliyekufa hageuki kuwa "kifo" kwa jumla. Yumo katika masamva, mizimu ya ukoo, anatajwa na kuombwa. Fuvu lina mwenyewe. Na nchi hii inajua hivyo: Mkwawa alipokufa mwaka 1898 Wajerumani walikwenda na kichwa chake, kikadaiwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kipengele cha 246, na fuvu likarudi kwa Wahehe mwaka 1954. Hakuna aliyesema ni mfupa tu. Wameksiko wanaoandika jina kwenye sukari wangeelewana na bibi upesi kuliko mjukuu wake.

Kwa hiyo simuungi mkono anayetaka pete hizi zipigwe marufuku, wala mwalimu wa dini anayezitupa chooni. Lakini kijana anayevaa fuvu lisilo na jina mbele ya wafiwa, kisha akashangaa kuulizwa, naye kajitakia.

Fedha yenyewe ingempa heshima. Ni madini yasiyogombewa, hata kwa wanaume Waislamu, ambao dhahabu wamekatazwa na pete ya fedha wameruhusiwa. Nilimpeleka mpwa wangu kwa sonara. Mzee alitafuta ndani ya pete chapa ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, hakuiona. Akakwaruza kidogo, akacheka. Ilikuwa shaba iliyopakwa nikeli, na nikeli ndiyo iliyokuwa ikimwasha kijana kidole wiki mbili, huku mama yake akiamini ni laana inaanza.

Arobaini ilipofika tulipanda daladala pamoja. Tulipopita Kisesa aliivua, akaitia mfukoni bila kusema neno. Bibi alimpokea kwa mikono miwili, akakigeuza kile kidole chenye duara la weusi, akamuuliza kama ameshalizika.