Kioo cha Rangi Kitazamwe na Mgongoni

Rangi ya ukutani unaiona yenyewe. Rangi ya kioo cha kubandikwa ukutani hupakwa mgongoni, kwa hiyo unaiona kupitia kioo, nacho kina rangi yake. Mimi nililijua hilo kioo cha jikoni kwangu kilipokwisha kubandikwa. Nilikuwa nimechagua nyeupe ya maziwa kwenye kijitabu cha rangi. Kando ya kabati nyeupe, kioo kilionekana cha kijanikijani. Fundi akaniambia rangi ni ileile, akanigeuzia kipande kilichobaki: mgongoni cheupe pepepe, mbele kina ukijani.

Sababu ni chuma kidogo kilichomo kwenye kioo cha kawaida. Kitazame ukingoni utauona ukijani wake, na kioo kikizidi unene nao unazidi. Kipo kioo chenye chuma kidogo zaidi, ghali kuliko kile, na kwa nyeupe au rangi yoyote nyepesi naona hakina mbadala. Kwa nyeusi au kahawia iliyokolea, cha kawaida kinatosha kabisa. Siku hizi sichagui rangi kwenye karatasi. Naomba kipande kilichopakwa, cha unene uleule, nakisimamisha palepale kitakapokaa, nakitazama mchana, kisha usiku taa zikiwaka.

Gundi nayo iulizwe. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaweza kuila rangi ya mgongoni. Itakiwe ile isiyo na asidi. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba, basi ukuta wenye plasta inayobanduka usikibebe. Na matundu ya soketi yapimwe mapema, kwa sababu kioo kikishaimarishwa kwa moto hakitobolewi tena, kitapasuka chote vipande vidogovidogo.

Ila moyo wangu uko kwenye kioo cha tabaka: vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki kwa joto na mgandamizo. Mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alipata wazo hilo chupa ya maabara ilipoanguka, ikapasuka bila kusambaratika kwa kuwa ndani ilikuwa na utando uliokauka. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, aliichukua mwaka 1909. Leo ndani ya utando huo huwekwa kitambaa, wavu wa shaba, hata majani makavu. Wengi huagiza picha ya maporomoko ya maji, nami naona wanapoteza nafasi. Picha unaizoea upesi. Hariri nyepesi, mwanga ukiipitia kwa nyuma, unaziona nyuzi zake moja moja, na jioni haifanani na ilivyokuwa asubuhi.

Adui wa kioo cha tabaka ni unyevu unaoingilia ukingoni: utando unaanza kufanya weupe, kisha unaachana na kioo. Kwa hiyo kabla ya kukiweka bafuni, muulize fundi ukingo wa chini, pale maji yanapotuama, ataufunika kwa kitu gani.