Aliomba muda, akasamehewa deni

Lawama ni ya zamani: Mungu wa Wakristo husamehe kirahisi mno. Paulo aliisikia mapema, hata akaiandika mwenyewe katika Warumi 6: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" Mwaka 251 Novatian, kasisi wa kanisa la Roma, alijitenga na wenzake huko kwa sababu waliomkana Kristo wakati wa mateso ya Kaisari Decius walikuwa wakipokelewa tena baada ya kutubu. Na mwaka 1937 Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyekuja kunyongwa na utawala wa Hitler, aliishambulia neema ya bei rahisi, yaani msamaha unaotangazwa pasipo toba.

Hawa si watu wa kupuuza. Kanisa la Novatian lilikuwa limempoteza askofu wake, Fabian, mwaka mmoja tu kabla, katika mateso yaleyale ambayo wengine waliyakwepa kwa kuikana imani. Kumwambia mtu aliyezika ndugu zake kwamba wote sasa ni sawa mbele ya meza ya Bwana ni jambo zito.

Hata hivyo, lawama yenyewe imejengwa juu ya dhana kwamba kusamehe ni kufumba macho. Mfano wa Yesu katika Mathayo 18 unaanza na kinyume chake: mfalme anafanya hesabu. Daftari limefunguliwa, mtumwa mmoja analetwa, naye anadaiwa talanta 10,000.

Wasomaji wengi hulisoma tarakimu hilo kama "fedha nyingi" na kupita. Tusipite. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi, na dinari moja ulikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Deni basi ni dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, asile wala asivae, angelimaliza baada ya miaka 200,000. Kodi yote ya mwaka ya Arkelao, mwana wa Herode, kutoka Uyahudi, Samaria na Idumea haikufika talanta 1,000. Yesu hakutaja deni kubwa la kawaida. Alitaja deni ambalo mtu mmoja hawezi kuwa nalo, sembuse kulilipa.

Halafu msikilize mdaiwa: "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Hakuomba kusamehewa, aliomba muda. Yupo mbele ya miaka laki mbili ya kazi na bado anapanga marejesho! Mfalme hakumpa alichoomba, alimfutia deni zima. Kwa hiyo wanaosema toba kamili lazima itangulie huruma wana kazi ya kufanya na maandiko haya, maana mtumwa huyu hata ukubwa wa hali yake hakuwa ameuelewa. Huruma ilimtangulia.

Hoja ya upande wa pili iliyo ngumu zaidi, kwa maoni yangu, si ile ya uzembe. Ni ya aliyeumizwa. Mungu akimsamehe mwizi, aliyeibiwa anapata nini? Upendo unaomkumbatia mkosaji na kumwacha mwathirika mlangoni ni dhuluma ya pili, na wahubiri wanaowaharakisha watu kusamehe kabla hata hawajasikilizwa wanastahili kukemewa. Ndiyo maana mapokeo ya Kikatoliki hayakuishia kwenye majuto na maungamo, yakaweka na malipizi, yaani kurekebisha madhara ya kosa.

Lakini angalia mpangilio wa mambo kwa Zakayo katika Luka 19. Mkuu wa watoza ushuru yuko juu ya mti. Yesu anamwita kwa jina na kusema atashinda nyumbani kwake, bila sharti lolote, huku umati ukinung'unika. Ni baada ya hapo tu Zakayo anasimama na kutoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Adhabu ya mara nne, katika Kutoka 22, ilikuwa ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Zakayo, ambaye hakuna hakimu aliyemshika, alijihukumu kwa kiwango cha mwizi huyo. Walioibiwa walipata zaidi kwa njia ya Yesu kukaribishwa nyumbani kwa Zakayo kuliko ambavyo wangepata kwa kanuni ya ungamo.

Linabaki fundo moja ambalo upande ninaouegemea hupenda kuliruka: msamaha wa Mathayo 18 ulitenguliwa. Mtumwa alitoka, akamkaba koo mwenzake aliyemwia dinari 100, ujira wa miezi minne hivi, akamtupa gerezani. Mfalme akamrudishia deni lote na kumtia mikononi mwa watesaji. Kwa hiyo sharti lipo, na anayehubiri kwamba halipo anaukata mfano katikati. Ila si sharti ambalo Novatian alilitafuta. Alipomwita mara ya pili, mfalme hakuuliza zile talanta zilitumikaje, wala kama mtumwa amejutia vya kutosha. Alimuuliza juu ya yule mwenzake.